Mafuta hayafiki shambani kwa wakati: jinsi ya kutafuta chanzo na kukirekebisha

Ukiona lori la mafuta limezunguka kutwa nzima na jioni bado kuna shamba lililosimama kwa kukosa dizeli, usikimbilie kumlaumu dereva wala kutafuta lori la pili. Anzia kwenye tangi la mkulima. Matatizo mengi ya kupeleka mafuta mashambani huonekana barabarani, ila huwa yameanzia shambani: tangi halikupimwa, au lilipimwa vibaya, au aliyepima hakusema wiki ijayo kuna kazi gani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepanga safari, na unafuata dalili moja baada ya nyingine. Nenda moja kwa moja kwenye dalili inayokusumbua, lakini hii ya kwanza isome hata kama unadhani haikuhusu, maana hesabu zake zinatumika katika nyingine zote.

Dalili: simu za "tumekauka, leteni leo"

Fungua daftari la msimu uliopita na uandike upya kila safari ya dharura: shamba gani, tarehe gani, lita ngapi zilishushwa. Halafu tazama zimekaaje. Zikiwa zimerundikana kwenye mashamba mawili matatu yale yale, chanzo kipo kwenye matangi hayo au kwa mtu anayeyapima. Zikiwa za mashamba mengi lakini ndani ya wiki moja au mbili, chanzo ni msimu, na hakuna shamba la kunyooshewa kidole. Usichanganye hali hizi mbili, kwa sababu hazirekebishwi kwa njia moja.

Chanzo ninachokishuku kwanza ni kanuni moja ya kuagiza inayotumika mwaka mzima, kwa kawaida ile ya "likifika robo tunapiga simu". Chukua tangi la lita 5,000, la duara, lililolazwa. Nje ya msimu shamba linatumia lita 60 kwa siku kwa ajili ya jenereta na gari. Wakati wa kulima, matrekta matatu yanafanya kazi saa 10 kwa siku, kila moja likichoma lita 15 kwa saa, jumla lita 450. Robo ile ile ya kijiti cha kupimia, ambayo kama tutakavyoona chini ni lita kama 780 tu zinazovutika, inatosha karibu wiki mbili katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili haimalizi siku mbili. Kama lori linachukua siku tatu kufika tangu simu ipigwe, shamba hili litakauka kila msimu, hata mpangaji akijitahidi vipi.

Weka alama ya kuagiza kwa hesabu. Zidisha matumizi ya siku kwa siku za kusubiri lori, ongeza akiba ya siku mbili, kisha ongeza mafuta yaliyo chini ya bomba la kuvutia ambayo pampu haiyafikii. Kwa shamba letu, tuseme mafuta yasiyovutika ni lita 200. Wakati wa kulima: 1,350 jumlisha 900 jumlisha 200, yaani lita 2,450. Nje ya msimu: 180 jumlisha 120 jumlisha 200, yaani lita 500. Tangi ni lile lile, mkulima ni yule yule, lakini alama ya msimu ni karibu mara tano ya ile ya kawaida. Mpe mkulima alama zote mbili, zichorwe kwenye dipstiki, yaani kijiti cha kupimia mafuta, kwa rangi mbili tofauti, na mkubaliane tarehe ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine.

Hapo kwenye dipstiki ndipo penye kosa la pili. Tangi la duara lililolazwa halijai sawasawa kila sentimita. Kijiti kikilowa mpaka nusu ya kipenyo, mafuta ni nusu kweli. Kikilowa robo, mafuta ni karibu asilimia 19.6 tu. Kikilowa sehemu moja ya kumi, mafuta ni karibu asilimia 5. Mkulima anayesema kwa nia njema kabisa kwamba amebakiwa na lita 500 kwa sababu kijiti kinaonyesha sehemu moja ya kumi, ana kama lita 260, na kati ya hizo 200 hazivutiki. Kwa hiyo usipokee taarifa ya "robo" au "kidogo chini ya robo". Omba sentimita, na wewe uwe na jedwali la tangi hilo la kubadili sentimita kuwa lita. Kwa tangi la mfano wetu, likiwa na kipenyo cha mita 1.5, alama ya msimu inakaa karibu sentimita 74 kutoka chini na ile ya nje ya msimu karibu sentimita 23.

Matangi yenye vihisi vinavyotuma kipimo kwa simu yanapunguza makosa haya, lakini yanaleta la kwao: kihisi kinachoganda. Namba haibadiliki kwa siku nne na mpangaji anafarijika kwamba kuna mafuta. Tangi la shamba linalofanya kazi lazima lishuke. Ukiona mstari ulionyooka katikati ya msimu, piga simu na mtu aende na dipstiki siku hiyo hiyo. Betri, mtandao, au boya lililonasa ndio washukiwa wa kawaida.

Siku za kusubiri nazo huwa zinasemwa kwa matumaini. Usitumie namba iliyo kwenye ahadi ya kampuni. Hesabu kutoka kwenye daftari: tangu simu ilipopokelewa hadi mpira wa kushushia mafuta ulipoingia kwenye tangi, ukijumlisha siku ambazo dipo, yaani ghala ambako lori hupakia mafuta, limefungwa. Na kwa alama ya kuagiza usichukue wastani, chukua siku mbaya za kawaida. Wastani ukiutumia, zile safari zilizochelewa kuliko wastani ndizo zitakazokula akiba ya mkulima.

Matumizi ya siku utayapataje? Injini ya dizeli huchoma takriban robo lita, au zaidi kidogo, kwa kila kilowati-saa ya kazi. Trekta la kilowati 75 likivuta jembe zito linaweza kufika lita 15 hadi 20 kwa saa, na kwa kazi nyepesi likatumia nusu ya hapo au pungufu. Kulima kwa kina kunakula mafuta mara kadhaa zaidi ya kupanda, kwa hekta ile ile. Hizo ni namba za kuanzia tu. Namba nzuri kuliko zote ni ya shamba lenyewe: lita zilizochotwa kugawanya kwa saa zilizosomwa kwenye mita ya saa ya trekta. Msimu mmoja wa kumbukumbu kama hizo unakupa makadirio ambayo hakuna programu inayoweza kuyabuni.

Sasa ile hali ya mashamba mengi kukauka kwa pamoja. Hii nataka tuikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayovunja ratiba nzuri. Mvua ikinyesha kwa wiki nzima, matrekta yanasimama na matangi hayashuki. Mpangaji anaona utulivu, anapeleka malori kwenye kazi nyingine. Ardhi ikikauka, kila mkulima anaingia shambani siku ile ile na anafanya kazi mpaka usiku ili kufidia siku zilizopotea. Matumizi hayarudi tu kwenye kawaida, yanapita kawaida, na yanapita kwa wote pamoja. Ukisubiri simu zianze, umechelewa kwa siku tatu nne. Wakati wa kujaza ni kabla mvua haijaanza, au katika siku za utulivu kwa mashamba yenye barabara ngumu, ili siku ardhi itakapokauka malori yako yawe huru kwa mashamba yaliyokuwa hayafikiki. Ndiyo maana mpangaji wa mafuta ya shamba anatakiwa kufuatilia utabiri wa hewa kwa makini kama mkulima.

Mashamba ya umwagiliaji hayaingii kwenye mfumo huu. Pampu huchapa kazi zaidi jua linapokuwa kali, mara nyingi usiku na mchana bila kupumzika. Yahesabu peke yake, na usiku wake uuhesabu pia.

Kuna wakati hesabu inagoma. Shamba lile lile la lita 450 kwa siku likiwa na tangi la lita 2,000, alama ya kuagiza inazidi tangi lenyewe. Hapo hakuna ratiba ya kuokoa. Ama mkulima aongeze tangi, ama mkubaliane safari za kudumu kila baada ya siku mbili kwa kipindi cha kulima. Mwambie wazi, na mwonyeshe hesabu kwenye karatasi. Mkulima akiziona namba, mazungumzo yanakuwa mepesi kuliko akidhani unamsukuma anunue.

Dalili: lori linarudi dipo na mafuta ya mteja

Chanzo cha kawaida ni kiasi kilichoagizwa kwa kuangalia nafasi ya siku isiyo yake. Rudi kwenye mfano wetu. Mkulima anaagiza akiwa na lita 2,450. Tangi halijazwi mpaka ukingoni; ukiacha nafasi ya asilimia 5 juu kwa ajili ya kutanuka, linabeba 4,750. Lori likifika baada ya siku tatu, atakuwa amebaki na 1,100, kwa hiyo nafasi ni lita 3,650, na oda ya 3,600 inaingia vizuri. Lakini mvua ikinyesha siku hizo tatu na trekta lisiwashwe, au lori likipita siku ile ile kwa kuwa lilikuwa jirani, nafasi ni lita 2,300 tu. Lita 1,300 zinarudi barabarani. Suluhisho ni simu moja asubuhi ya kupakia, kabla chemba, yaani vyumba vya tangi la lori, hazijafungwa lakiri: "Sentimita ngapi leo?" Kipimo cha jana kinatosha kupanga ruti. Cha kupakia kiwe cha leo.

Sababu nyingine ziko nje ya tangi. Geti limefungwa na mwenye ufunguo yuko upande wa pili wa shamba. Mdomo wa tangi hauingiani na kiungo cha mpira. Kuna trela limeegeshwa mbele ya tangi. Hizi zinaisha kwa kuwa na kadi ya kila shamba ndani ya lori: njia ya kuingilia, nani anafungua, umbali kutoka lori linaposimama hadi tangi, aina ya kiungo, mahali pa kugeuzia, waya za umeme zilizo chini, na picha moja ya tangi. Dereva mgeni akiweza kushusha mafuta kwa kusoma kadi peke yake, kadi imekamilika.

Angalia pia mgawanyo wa chemba. Lori la lita 15,000 lenye chemba za 5,000, 4,000, 3,000 na 3,000 halina uhuru wa mtu mwenye lita 15,000 kwenye tangi moja, hasa likibeba dizeli na petroli kwa pamoja. Petroli ya lita 800 inaweza kuishika chemba nzima ya 3,000, na dizeli ya kujaza pengo hilo ikabaki dipo. Panga oda ndogo za petroli ziende pamoja siku moja, hata kama mteja mmoja atasogezwa mbele kidogo.

Dalili: kilomita nyingi, lita chache

Pima kwanza kabla ya kubadili chochote. Kwa kila safari, gawanya lita zilizoshushwa kwa kilomita zilizotembewa. Safari ya kilomita 97 iliyoshusha lita 6,000 inatoa lita 62 kwa kilomita. Safari ya dharura ya kilomita 90 kwa lita 800 haifiki 9. Panga safari zako kutoka ndogo kwenda kubwa na usome majina ya walio chini. Mara nyingi utakuta ni dharura zile zile ulizoziandika mwanzo, kwa hiyo nusu ya kazi umeshaifanya ulipoweka alama za kuagiza.

Inayobaki ni ruti zenyewe. Kwa kweli uwanja mzima wa hesabu za kupanga ruti za magari ulianzia kwenye mafuta: mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser walichapisha utafiti kuhusu malori yanayotoa petroli kwenye dipo moja kwenda kwenye vituo vingi. Mwaka 1964 Clarke na Wright wakatoa njia inayofanyika kwa penseli, na bado naiona ndiyo bora kwa mtu mwenye malori machache.

Inafanya kazi hivi. Kwa kila jozi ya mashamba, jumlisha umbali wa kila moja kutoka dipo, kisha toa umbali kati yao. Jibu ni kilomita utakazookoa ukiyaunganisha katika safari moja. Shamba A liko kilomita 40 kutoka dipo, shamba B liko 45, na kati yao ni 12. Ukienda kwa safari mbili utatembea kilomita 170. Ukiunganisha ni 97. Umeokoa 73, yaani 40 jumlisha 45 toa 12. Sasa chukua shamba C, lililo kilomita 30 tu kutoka dipo lakini upande mwingine, kilomita 65 kutoka A. Ukiliunganisha na A unaokoa 5. C ni karibu na dipo kuliko yote, na ndiyo maana watu hupenda kulitupia kwenye safari yoyote, kumbe halileti faida kwenye ruti ya A. Liache lisubiri wenzake wa upande wake. Anza na jozi yenye akiba kubwa, unganisha, endelea kushuka kwenye orodha, na acha kuongeza shamba pale lita zinapozidi lori au saa zinapozidi siku ya dereva. Tumia umbali wa barabara halisi, na wa njia inayopitika msimu huo.

Tatizo linalobaki ni kwamba A na B hawaishiwi siku moja. A anafika kwenye alama Jumanne, B Alhamisi. Hapa mpe kila mteja alama ya pili, juu ya ile ya kuagiza, ambayo maana yake ni hii: sihitaji bado, lakini lori likiwa jirani nijaze. Kama alama ya lazima ya B ni lita 2,450, ya kujiunga inaweza kuwa 3,300. Akiwa hapo ana nafasi ya lita 1,450, kiasi kinachostahili kusimamisha lori. Kila unapopanga safari kwa mtu aliyefika kwenye lazima, angalia jirani gani wako chini ya alama ya kujiunga. Kama kuna badiliko moja tu utakalofanya baada ya kusoma mwongozo huu, nakuomba liwe hili.

Usishushe alama ya kujiunga mpaka oda ziwe kubwa mno, wala usiipandishe mpaka lori lisimame kwa lita 400. Kusimama kuna gharama isiyobadilika. Pampu ya lori inayotoa lita 300 kwa dakika inashusha 3,600 kwa dakika 12 na 400 kwa dakika moja na theluthi, lakini kufungua geti, kupima tangi, kuvuta mpira, kuuzungusha tena na kusaini hati ni muda ule ule kwa yote mawili.

Kuhusu bei ya dharura, wapangaji hutofautiana. Mimi napendelea punguzo kwa anayekubali siku iliyopangwa kuliko faini kwa anayepiga simu amechelewa. Faini inamfanya mkulima aliyeishiwa asite kupiga simu mpaka siku ya pili, na siku hiyo tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa nyote.

Dalili: lori linakwama au linakataa kuingia

Lita moja ya dizeli ina uzito wa karibu kilo 0.84. Lita 15,000 ni tani 12.6, mbali na uzito wa lori. Njia iliyopitisha trekta jana haimaanishi itapitisha lori leo.

Dawa ya kwanza ni mpangilio wa ruti. Shamba lenye njia laini liwekwe mwishoni, lori likiwa limeshashusha mzigo mkubwa kwingine, hata kama kilomita zitaongezeka kidogo. Kushusha lita 5,000 kabla ya kuingia kunaondoa zaidi ya tani nne kwenye magurudumu. Ila kuna angalizo: lori lenye chemba zilizojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa au lililo tupu, kwa sababu mafuta yanasukana ndani na kulivuta lori kwenye kona na miteremko. Maliza chemba moja kabla ya kufungua nyingine, na usiache uzito wote uliobaki nyuma ya ekseli ya nyuma, maana usukani unakuwa mwepesi. Dereva mzoefu anajua hili. Mpangaji anayepakia chemba kwa kuangalia oda tu ndiye anayelisahau.

Shamba likikwamisha lori kila msimu, tangi liko mahali pabaya. Lihamishiwe karibu na barabara ngumu, na trekta au tangi dogo la kukokotwa lifanye kilomita za mwisho ndani ya shamba. Wakati wa kuhamisha, jengeni ukuta wa kinga kuzunguka tangi. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni ukuta unaoweza kubakiza asilimia 110 ya ujazo wa tangi. Na pawe mbali na kisima na mfereji.

Dalili: lita za hati na lita za tangi hazilingani

Hii huharibu uhusiano haraka, kwa hiyo ifanyiwe kazi kwa utulivu na kwa mpangilio kabla mtu yeyote hajaitwa mwizi.

Angalia joto kwanza. Dizeli hutanuka na kunywea kwa karibu asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita 3,600 zilizoshushwa zikiwa na nyuzi 35 na kupoa hadi 20 usiku zinapungua kama lita 43, na hakuna tone lililomwagika. Mita nyingine husahihisha lita kwa joto la kiwango, nyingine hazisahihishi. Jua ya kwako ni ipi na iandikwe kwenye hati.

Kisha angalia tangi. Limeinama? Likiwa limezama upande mmoja, dipstiki ya upande huo inaonyesha zaidi na ya upande wa pili pungufu. Jedwali ni la tangi hilo au la tangi linalofanana nalo? Kipimo kilichukuliwa uso wa mafuta ukiwa bado unachezacheza?

Halafu mita ya lori. Chemba ikikauka, hewa inaweza kupita kwenye mita, na kama kitenganisha hewa ni kibovu, hewa hiyo inahesabiwa kuwa mafuta. Tofauti inayojitokeza tu pale chemba zinapomalizwa ni ishara nzuri ya kasoro hii. Tofauti inayofuata dereva mmoja, au ruti moja, hata mita ikishakaguliwa, ni jambo jingine, na hapo ndipo lakiri, muda wa vituo na njia aliyopita vinapotazamwa.

Utaratibu unaokinga yote haya ni mfupi: pima kabla, pima baada, andika joto, dereva na mtu wa shamba wasaini wote wawili wakiwa wamesimama kwenye tangi.

Dalili: matrekta yanazimika muda mfupi baada ya kujaza tangi

Watu husema mafuta mapya ni machafu. Yanaweza kuwa hivyo, lakini mara nyingi mafuta mapya yametibua uchafu wa zamani. Maji hujikusanya chini ya tangi kutokana na unyevu wa hewa, hasa tangi likikaa nusu tupu miezi mingi. Pale maji na dizeli yanapokutana, vijidudu huota na kufanya utando mweusi unaoteleza. Mafuta yakimwagika kwa kasi, utando huo unapanda na kuingia kwenye filta. Toa maji chini ya tangi mara kwa mara, tumia dawa ya kupaka kwenye dipstiki inayobadilika rangi ikigusa maji, na panga kushusha jioni baada ya kazi ili mafuta yatulie usiku kucha. Wakulima wengi hupenda lori asubuhi. Waeleze sababu, watakubali.

Usiwajazie watu mafuta ya msimu ujao mapema mno kwa sababu tu lori lina nafasi. Dizeli iliyotunzwa vizuri hukaa miezi sita hadi mwaka, na yenye mchanganyiko wa mafuta ya mimea hukaa muda mfupi zaidi kwa kuwa hushika maji. Kwenye nchi za baridi kali kuna jambo la ziada: dizeli ya kiangazi ikibaki tangini mpaka majira ya baridi hutoa nta na kuziba filta, kwa hiyo oda ya mwisho ya kiangazi iwe ndogo.

Uwezekano wa mwisho ndio wa hatari zaidi: petroli imeingia kwenye dizeli. Mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 38 na urefu wa mita 40 unabeba karibu lita 45. Kama mteja wa mwisho alipata petroli na lori lina mpira mmoja, lita hizo zinaingia kwenye tangi la dizeli la mteja anayefuata. Petroli kidogo tu inashusha sana joto ambalo mvuke wa dizeli unaanza kuwaka, ambalo kwa kawaida ni zaidi ya nyuzi 50. Mpira na pampu za petroli ziwe peke yake. Na kupakia dizeli kwenye chemba iliyotoka kubeba petroli bila kuisafisha kunaweza kuleta mlipuko dipo, kwa sababu dizeli inapomiminika huzalisha umeme tuli na mvuke wa petroli bado umo ndani.

Ukishuku mchanganyiko wa aina hii, funga koki ya tangi na weka kufuli. Injini zilizokwishajazwa zisiwashwe hata kwa kusogezwa tu. Chukua sampuli mbili kwenye vyombo safi visivyoingiza hewa, moja kutoka chini ya tangi na nyingine katikati, andika tarehe na saa, na kila upande ubaki na sehemu yake iliyofungwa na kusainiwa. Kisha pigia simu mashamba yote yaliyofuata kwenye ruti ya siku hiyo kabla hayajaanza kuchota.